Unajisi, Utakaso na Sadaka za Wanyama katika Torati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaojiwekea nia ya kusoma Biblia yote huanza Mwanzo kwa kasi, wakavuka Bahari ya Shamu pamoja na Musa, kisha wakifika Mambo ya Walawi wanakwama kwenye figo, mafuta ya kondoo na upele wa ngozi. Kitabu kinafungwa hapo. Maswali yafuatayo ni yale wanayobaki nayo. Majibu yanaanza na Torati yenyewe, halafu yanapita kwa Wayahudi walioisoma kwa karne nyingi. Pale Wakristo na Waislamu wanapoguswa, nimesema.

Kuwa najisi ni kutenda dhambi?

Hapana, na hili lisipokaa sawa kichwani mengine yote yatapinda. Angalia ni akina nani Torati inawaita najisi. Mama aliyejifungua. Mume na mke waliolala pamoja: wote wawili wanaoga na wanakuwa najisi hata jioni (Walawi 15:18). Mtoto aliyegusa maiti ya baba yake akimzika: najisi siku 7 (Hesabu 19:11). Sasa, kuzaa ni agizo la Mungu tangu sura ya kwanza ya Mwanzo, na kuzika ni wajibu mzito kiasi kwamba hata mhalifu aliyetundikwa mtini sharti azikwe siku ileile (Kumbukumbu la Torati 21:23). Kuhani mwenyewe, aliyekatazwa kukaribia maiti, anaruhusiwa kujinajisi kwa ajili ya mama, baba, mwana, binti, ndugu, na dada ambaye hajaolewa (Walawi 21:1-3). Ingekuwa dhambi, ruhusa hiyo ingetoka wapi?

Unajisi ni hali inayompata mtu akiwa anaishi maisha ya kawaida, na ina njia yake ya kutokea: maji, kungoja jua lizame, mara nyingine sadaka. Kosa linaanza pale mtu najisi anapoingia patakatifu au kula nyama ya sadaka (Walawi 7:20), au anapopuuza kujitakasa.

Ila kuna tahadhari. Torati inatumia lugha ya unajisi pia kwa uzinzi, kumtoa mtoto sadaka kwa Moleki, mungu wa mataifa jirani, na kumwaga damu ya mtu (Walawi 18 na 20, Hesabu 35:33-34). Uchafu huo hauondoki kwa kuoga. Unachafua nchi, na nchi inawatapika wakaao ndani yake. Watu wengi huchanganya aina hizi mbili, ndiyo maana mwanamke mwenye hedhi huishia kutazamwa kama mkosaji, jambo ambalo Walawi haisemi popote.

Basi kwa nini mtu awe najisi kwa jambo lisilo kosa?

Kwa sababu ya Hema. Katika Hesabu 2 kambi imepangwa makabila matatu kila upande, na katikati ipo Hema ya Kukutania, anapokaa Mungu. Walawi 15:31 inatoa sababu waziwazi: watu watengwe na unajisi wao wasije wakafa kwa kuichafua maskani iliyo katikati yao. Mkulima aliye shambani kwake anaweza kuwa najisi wiki nzima asitende kosa lolote. Shida ni kukutana kwa hali hiyo na mahali pale.

Sasa tazama vyanzo vyenyewe: maiti ya mtu, mizoga, ugonjwa wa ngozi, damu ya hedhi na ya uzazi, shahawa, usaha wa viungo vya siri. Kilicho muhimu ni vile ambavyo havimo. Jasho halimo, wala mkojo, mate ya mtu mzima wa afya, au damu ya mtu aliyejikata kisu jikoni. Kinyesi kinafukiwa nje ya kambi (Kumbukumbu la Torati 23:12-14), lakini katika Walawi hakimfanyi mtu kuwa najisi. Jacob Milgrom, mtaalamu wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 2010 baada ya kuandika ufafanuzi mkubwa kuliko wote wa kitabu hiki kwa zama zetu, alisema vyanzo hivi vinaunganishwa na kifo: ama kifo chenyewe, ama kupotea kwa kile kinachobeba uhai. Mungu wa uhai, na kifo hakikai mlangoni pake. Haruni mwenyewe anatuunga mkono hapa: Miriamu alipopatwa na ugonjwa wa ngozi, Haruni alimsihi Musa dada yao asiwe kama mtu aliyekufa (Hesabu 12:12).

Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifika kwenye swali hili kwa njia ya Kongo. Tangu mwaka 1949 alifanya utafiti kati ya Walele wa Kasai, akaona jinsi wanavyomtenga na kumheshimu kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki ila anapanda miti na kuzaa mtoto mmoja kama binadamu. Alipoigeukia Walawi, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alisema kinachoitwa kichafu ni kile kisichokaa katika fungu lake. Baadaye yeye mwenyewe alirekebisha sehemu ya hoja hiyo. Kwa maoni yangu Milgrom anaeleza vizuri zaidi hali za mwili, na Douglas anaeleza vizuri zaidi orodha ya wanyama wa sura ya 11. Anayedai ana ufunguo mmoja wa milango yote, mtazame kwa jicho la pembeni.

Si ilikuwa kanuni ya afya tu, kabla watu hawajajua vijidudu?

Jibu hili linapendwa sana makanisani, na lina shida kubwa. Soma Walawi 13 polepole. Kuhani anaitwa kutazama ngozi: nywele za pale zimegeuka nyeupe? Alama imeingia ndani kuliko ngozi? Asipokuwa na uhakika anamweka mtu kando siku 7, kisha siku 7 nyingine. Mpaka hapo unaweza kudhani ni daktari na karantini yake. Halafu unafika aya ya 12 na 13: mtu ambaye ugonjwa umemfunika kuanzia kichwani hata miguuni, amekuwa mweupe wote, kuhani anamtangaza kuwa safi. Nyama mbichi ikionekana tena, anarudi kuwa najisi. Hakuna daktari anayemruhusu mgonjwa kwa kuwa ugonjwa umeenea mwili mzima.

Sura ya 14 inazidi. Nyumba ikionekana kuwa na mabaka ya kijani au mekundu ukutani, mwenye nyumba anamwita kuhani. Na kabla kuhani hajaingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba (14:36). Dakika tano kabla ya kutazama, magodoro na vyungu ni safi, dakika tano baadaye vingekuwa najisi. Kama hofu ni maambukizi, umeyatoa nje yakasambae. Maana yake ni kwamba hali inaanza na tamko la kuhani. Na kuhani haponyi mtu, hatoi dawa, anakuja baada ya ugonjwa kupona ndipo afanye ibada ya kumrudisha mtu kambini.

Neno «ukoma» katika Biblia zetu limewatesa wengi. Ugonjwa ambao daktari Hansen wa Norway aligundua kijidudu chake mwaka 1873 hauoti ukutani wala kwenye nguo ya sufu.

Kwa nini mama wa mtoto wa kike anakaa siku 80 kabla ya kutakaswa, wa kiume 40?

Hesabu ni hii: mtoto wa kiume, siku 7 halafu 33, wa kike, siku 14 halafu 66 (Walawi 12). Torati haitoi sababu. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mwenye hali hiyo ni mama, mtoto mwenyewe haitwi najisi, na sadaka mwishoni ni ileile kwa wote wawili: mwanakondoo wa mwaka mmoja na ndege mmoja.

Wanaosema hesabu kubwa ina maana ya thamani ndogo wajaribu kanuni yao kwingine. Mzoga wa punda unamnajisi mtu hata jioni tu. Maiti ya binadamu, siku 7. Hakuna atakayesema punda ana thamani kuliko mtu.

Hesabu hizi hazijafa. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hubatiza wavulana siku ya 40 na wasichana siku ya 80. Na Luka 2:24 inamwonyesha Mariamu akitoa ndege wawili, yaani fungu la maskini.

Sadaka zilikuwa za aina ngapi?

Walawi 1 hadi 7 inataja tano. Ya kuteketezwa huungua yote, isipokuwa ngozi anayochukua kuhani. Ya unga haina mnyama. Ya amani huliwa na mwenye kuitoa. Ya dhambi na ya hatia zitaelezwa chini. Wanyama ni ng'ombe, kondoo, mbuzi, hua na njiwa; hakuna swala wala samaki. Kilichotolewa kilikuwa mali ya mtu, alichokifuga, na bila kilema.

Siku yenyewe ilikuwaje?

Tuchukue mtu aliyepona au aliyerudi salama safarini, akaamua kutoa sadaka ya amani ya shukrani. Anamleta kondoo mwenyewe mpaka mlangoni pa Hema. Anaweka mkono kichwani pa mnyama, anachinja kwa mkono wake. Wengi hushangaa hapa: kazi ya kuhani inaanza na damu. Makuhani wanaikinga na kuirushia madhabahu pande zote. Kisha yanatolewa mafuta yanayofunika matumbo, figo mbili na mafuta yake, kitambi cha ini, na mkia wa mafuta mzima, uliokatwa karibu na uti wa mgongo (Walawi 3:9). Aliyewahi kuona kondoo wa Kimasai hahitaji kuelezwa mkia huo ni kitu gani. Hayo ndiyo yanayopanda juu ya moto, yametiwa chumvi, maana hakuna sadaka isiyo na chumvi (2:13). Kidari kinatikiswa mbele za Bwana kisha kinaliwa na makuhani, na paja la kulia ni la kuhani aliyehudumu.

Nyama iliyobaki ni ya mwenyewe, pamoja na mikate, mingine isiyochachwa na mingine iliyochachwa. Ila ya shukrani sharti iliwe siku ileile, isibaki hata asubuhi (7:15). Kondoo mzima kwa siku moja! Huwezi kummaliza na mkeo na watoto wawili. Sheria yenyewe inakulazimisha kuita jirani, ndugu na mgeni, na hapo kila mtu atakuuliza unashukuru nini. Watu wanaoifikiria madhabahu kama mahali pa hasira na vilio hawajafika kwenye sura hii.

Kwani Mungu anakula nyama?

Zaburi 50:12-13 imeshajibu: hata angekuwa na njaa asingetuambia sisi, maana ulimwengu ni wake. Mikate 12 iliyowekwa mezani kila Sabato waliila makuhani.

Kwa nini damu?

Walawi 17:11 inasema uhai wa mwili umo katika damu, na Mungu ameitoa damu juu ya madhabahu kwa ajili ya upatanisho. Ndiyo maana ni marufuku kuinywa. Hata anayechinja kitoweo chake mbali na Hema anaimwaga chini kama maji (Kumbukumbu la Torati 12:24).

Lakini swali linalofaa zaidi ni hili: damu ilipakwa wapi? Fuatilia sadaka ya dhambi katika Walawi 4. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia, kuhani anapaka damu kwa kidole chake kwenye pembe za madhabahu ya uani. Akikosa kuhani mkuu, au taifa zima, damu inaingia ndani: inanyunyizwa mara 7 mbele ya pazia na kupakwa pembe za madhabahu ya uvumba. Na mara moja kwa mwaka, tarehe 10 ya mwezi wa saba, inafika hadi patakatifu pa patakatifu. Yule mkosaji hapakwi hata tone. Milgrom alijenga hoja yake hapa: kinachosafishwa ni nyumba. Makosa na unajisi wa watu ni kama vumbi linaloingia sebuleni hata milango ikiwa imefungwa. Yakikusanyika kupita kiasi, mwenye nyumba atahama. Walawi 16:16 inasema hivyo karibu neno kwa neno: kuhani mkuu anafanya upatanisho kwa ajili ya mahali patakatifu, kwa sababu ya unajisi wa wana wa Israeli.

Hii pia inaeleza kwa nini mama aliyejifungua anatoa sadaka ya dhambi ilhali hana dhambi yoyote ya kutubia. Damu inapakwa mtu mwenyewe katika nafasi mbili tu ambazo zinakaribiana ajabu: kuhani anapowekwa wakfu, na mgonjwa wa ngozi aliyepona anaporudishwa. Wote wawili wanapakwa ncha ya sikio la kulia, kidole gumba cha mkono wa kulia na kidole kikubwa cha mguu wa kulia (8:23, 14:14). Mtu aliyekuwa analala nje ya kambi, akipiga kelele «najisi, najisi», anapokewa kwa alama zilezile za Haruni.

Kwa hiyo tajiri angeweza kutenda uovu kisha akalipa mbuzi?

Asingeweza. Sadaka ya dhambi ni ya makosa yasiyokusudiwa, na Hesabu 15:30-31 inasema anayetenda kwa kiburi atakatiliwa mbali. Aliyeiba au kudhulumu na kuapa uongo anarudisha kwanza mali ya mtu, anaongeza sehemu ya tano, ndipo analeta kondoo dume wa sadaka ya hatia (Walawi 6:1-7). Ukiiba thamani ya 100 unalipa 120 kabla hujaonekana madhabahuni. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200, inaweka wazi zaidi katika sehemu ya Siku ya Upatanisho: anayesema «nitatenda dhambi na siku hiyo itanifutia», haimfutii, na kosa kati ya mtu na mwenzake halifutwi mpaka amridhishe mwenzake.

Na maskini asiye na mnyama?

Katika Walawi 5, asiyeweza kondoo analeta ndege wawili, asiyeweza ndege analeta sehemu ya kumi ya efa ya unga, yapata lita 2, bila mafuta wala ubani. Na anasamehewa. Wanaofundisha kwamba katika Torati hakuna msamaha kamwe bila damu wanairuka aya ya 11. Waraka kwa Waebrania 9:22 wenyewe unasema «karibu vitu vyote».

Wayahudi walielezaje sababu ya sadaka?

Waligombana. Musa bin Maimuni, yaani Rambam, aliyefariki mwaka 1204 huko Misri, aliandika kwa Kiarabu kwamba Mungu aliruhusu sadaka kwa kuwa watu hawabadiliki ghafla. Waisraeli waliona mataifa yote yakiabudu kwa kuchinja. Kuwaambia waache kabisa ingekuwa sawa na nabii kuja leo na kukataza sala na saumu, aseme abuduni kwa mawazo tu. Basi ibada ile ikaelekezwa kwa Mungu mmoja, mahali pamoja, kwa masharti mengi. Cha kuchekesha ni kwamba mtu huyohuyo, katika sheria zake, alipanga kanuni za Hekalu na sadaka moja baada ya nyingine.

Ramban, yaani Musa bin Nahmani, rabi mwingine (usimchanganye na Rambam), aliyezaliwa Hispania mwaka 1194, alikasirika. Habili alichinja, akasema, na Nuhu alichinja baada ya gharika, wakati duniani hapakuwa na mwabudu sanamu hata mmoja. Kwake yeye mtu anapoweka mkono kichwani pa mnyama na kuungama, na kuona damu na figo zikienda madhabahuni, anatambua kwamba aliyestahili kuwa pale ni yeye. Nikilazimishwa kuchagua, Ramban ana hoja nzito zaidi kuhusu Nuhu, ila maelezo yake hayaitoshi sadaka ya amani. Anayekaribisha jirani kula kondoo hasimami pale kama aliyehukumiwa.

Manabii hawakuzikataa sadaka?

Amosi 5, Isaya 1, Hosea 6:6, Mika 6 na Yeremia 7 zina maneno makali sana. Lakini endelea kusoma Isaya 1 mpaka aya ya 15. Mungu anazikataa pia Sabato na mikutano yao, na anasema hata wakiomba sana hatasikia, kwa sababu mikono yao imejaa damu. Kama Isaya amefuta sadaka, basi amefuta na maombi.

Wayahudi wa leo bado wanachinja sadaka?

Hapana. Warumi waliliangusha Hekalu la Yerusalemu, lililochukua nafasi ya Hema, mwaka 70, na Kumbukumbu la Torati 12 hairuhusu madhabahu popote utakapo. Simulizi ya marabi inasema Rabi Yehoshua aliyalilia magofu, naye Yohanani ben Zakai akamwambia kuna upatanisho mwingine ulio sawa na ule, matendo ya fadhili, akitaja Hosea 6:6. Sala za asubuhi na alasiri zikawekwa kwenye nafasi ya wanakondoo wawili waliotolewa Hekaluni kila siku.

Wanaochinja hadi leo ni Wasamaria, jumuiya isiyofika hata watu elfu moja, ambao kila mwaka huchinja kondoo wa Pasaka juu ya mlima Gerizimu karibu na Nablus. Beta Israeli, Wayahudi wa Ethiopia, nao walitoa sadaka ya Pasaka hadi zama za karibuni, na wanawake wao walikaa kibanda cha pembeni siku za hedhi.

Upande wa utakaso yamebaki zaidi. Wanawake wa Kiyahudi wanaoshika sheria hujitosa katika josho liitwalo mikve baada ya hedhi. Mwanamume wa ukoo wa kuhani haingii makaburini. Na kwa kuwa majivu ya mtamba mwekundu wa Hesabu 19, yaliyomtakasa aliyegusa maiti, hayapo, kila mtu anahesabiwa kuwa na unajisi wa maiti, ndiyo sababu Urabi Mkuu wa Israeli unawakataza Wayahudi kupanda Mlima wa Hekalu, pale Hekalu liliposimama.

Inahusianaje na udhu, janaba na Idi?

Msomaji Mwislamu atahisi yuko nyumbani: josho baada ya janaba (hali ya baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii), hedhi na nifasi (damu ya uzazi). Tofauti ipo kwenye mguso. Katika Walawi 15 kitanda alicholalia mwenye hedhi, na kiti alichokalia, vinamnajisi anayevigusa. Katika Uislamu mwili wake si najisi, na chakula anachopika hakina neno. Katika kuchinja kwa Idi hakuna madhabahu wala damu ya kupaka, na Sura ya al-Hajj (22:37) inasema nyama na damu hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchamungu.

Kambare na nguruwe je, ni unajisi uleule?

Hapana. Ni katazo la kula, na Wasabato wengi wa Kanda ya Ziwa wanalishika hadi leo kwa kambare, asiye na magamba. Kumgusa mnyama huyo akiwa hai hakuna tatizo. Punda na ngamia ni wanyama najisi, na Abrahamu alisafiri nao bila kuoga kila jioni kwa ajili yao.

Nianze kusoma wapi?

Usianze na Walawi 1. Anza na Hesabu 2 uione kambi ilivyopangwa, halafu Walawi 13 hadi 16 mfululizo, ndipo urudi kwenye sura ya 1 hadi 7. Sura ya 10, ya Nadabu na Abihu, wana wa Haruni waliokufa mbele za Bwana, isome kabla ya 16, kwa sababu 16 inaanza kwa kuutaja msiba huo.